Bodi ya Dima, Injini ya Kiugu

Siku Kiugu alipofungua gereji ng'ambo ya barabara, Dima aligeuza kiti chake. Tangu atoke kambini alikofungiwa wakati wa vita, alikuwa akifanya kazi mbele ya nyumba yake pale Bulla Pesa akitazama barabara, akisalimia na kusalimiwa, akiziba matangi ya maji yaliyopasuka na kuunda upya mudigadi za magurudumu ya malori kwa faiba, zile nyuzi za kioo zinazogandishwa. Kuanzia siku hiyo alifanya kazi ameipa barabara mgongo. Wateja walilazimika kumzunguka ili waonane naye, na hakuna aliyeuliza sababu. Mwaka huo wa 1979 hakuna mtu mzima Isiolo ambaye hakujua kwamba Dima na Kiugu hawatazamani.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba watu hawa wawili walikuwa na gari moja.

Lilikuwa nyuma ya nyumba ya Dima, limepandishwa juu ya mapipa, limefunikwa mikeka ya zamani na ngozi za ng'ombe zilizokauka hadi zikapinda. Lilikuwa gari la mashindano, la watu wawili, mgongo wake mviringo, paa lake chini kiasi kwamba mtu mzima aliliona kwa juu kama anayetazama meza. Halikutoka kiwandani. Lilitengenezwa kwa mkono huko Nanyuki, katika gereji ya Mzungu mmoja aliyeitwa Pelham, mkulima aliyechoshwa na ngano akatamani mbio. Pelham alinunua chesisi ya Volkswagen iliyopinduka, akachora umbo la gari sakafuni kwa chaki, kisha akawaita vijana wake wawili. Dima alipewa bodi. Alijenga kalibu ya mbao na plasta, akalaza nyuzi za kioo juu yake tabaka kwa tabaka, akazilowesha gundi ya rezini kwa brashi, na vumbi lake lilimwasha mikononi mpaka akawa anaoga kwa mchanga. Kiugu alipewa injini. Siku hizo walikula sahani moja. Dima alijua matusi ya Kimeru ya kutaniana nayo, naye Kiugu akisikia salaam aleikum aliitikia bila kufikiri.

Mzungu alipofunga virago baada ya Uhuru, aliwaambia gari ni lenu, elewaneni. Wakaelewana vizuri kabisa, mpaka vita vya Shifta, vya waasi wa kaskazini na serikali, vilipofika.

Dima alikuwa ameenda Garbatulla kumwona mama yake wakati askari walipowazungushia watu seng'enge. Mke wake Gumato, aliyefungiwa naye humo, alipata kibali cha kutoka. Akasafiri hadi Nanyuki juu ya malori, mtoto mchanga mgongoni, kumwomba Kiugu jambo moja tu: aende kwa ofisa aseme kwamba Dima ni fundi, anamjua, wamefanya kazi pamoja miaka mingi. Kiugu alisimama mlangoni akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga mlango. Gumato alirudi jinsi alivyokuja, na mtoto yule akafa kabla ukame wa mwaka ule haujaisha.

Kile ambacho Gumato hakukijua pale mlangoni ni kwamba wiki hiyo hiyo kaka yake Kiugu, dereva aliyeitwa Rimberia, alikuwa amepigwa risasi kwenye barabara ya Garbatulla na lori lake likachomwa moto. Dima alikuja kusikia habari hizo baadaye sana. Hazikumpunguzia kitu.

Alipoachiliwa alikwenda Nanyuki, akaikuta bodi yake imetupwa nje kwenye mvua, haina injini. Hakumtafuta Kiugu. Alilipa lori la mifugo, akaipakia, akaja nayo Isiolo, akaifunika.

Sasa, asubuhi moja, Kiugu alivuka barabara. Alikuwa amenenepa shingo na kichwa kimeota mvi pembeni. Alizunguka kiti mpaka akawa mbele ya Dima.

"Nimekuja juu ya gari," alisema.

"Gari gani?"

"Wewe unajua ni gari gani. Nusu ni yangu."

Dima aliendelea kusugua msasa. "Nusu yako ilikuwa injini. Uliichukua. Tumemalizana."

"Gari si ya kugawa kama mbuzi. Nusu yako iko hapa, nusu yangu pia iko hapa."

"Nusu yangu haiko hapa," Dima alisema. "Iko Garbatulla, imezikwa."

Kiugu alitazama mikeka inayoonekana nyuma ya nyumba. "Mimi pia niko na mtu alizikwa kwa sababu ya upande huo," akasema, akavuka barabara akarudi kwake. Mchana huo huo alikwenda kwa chifu.

Chifu Akal alikuwa Mturkana mrefu, mchovu, aliyekuwa amesikiliza kesi za visima na ngamia mpaka masikio yakajaa. Aliwasikiliza wote wawili wakipeana matusi ofisini kwake, kisha akawanyamazisha kwa kugonga meza.

"Mtaitengeneza pamoja," alisema. "Hapo hapo kwa Dima. Ikimalizika mtaiendesha mpaka Ngaremara na kurudi, wote wawili ndani, watu wakiona. Hapo ndiyo nitajua ni gari, si kuni. Lakini yule atasema mimi nimechoka, mimi naacha, amepoteza. Gari itakuwa ya mwenzake na sitaki kuona mtu hapa tena."

Labda Akal alidhani mmoja atachoka baada ya siku chache. Labda alidhani kazi itawapatanisha. Kama ni hilo la pili, alikuwa hajawahi kumwona Gumato.

Gumato hakupiga kelele aliposikia. Siku Kiugu alipoingia uani kwa mara ya kwanza akiwa na sanduku lake la vyombo, mama huyo alihamisha mafiga yake upande wa mbele wa nyumba ili asimwone akipita. Chai ya saa nne aliileta kikombe kimoja. Katika boma la Kiborana hata mgeni asiyejulikana jina hupewa maziwa kabla ya kuulizwa ametoka wapi, na Kiugu, aliyekuwa ameishi na watu hawa, alielewa vizuri kikombe kile kimoja kinasema nini. Kesho yake alikuja na chupa yake ya uji.

"Usimpe hata maji," Gumato alimwambia mumewe.

"Sijampa."

"Hata akianguka hapo."

Walipoondoa mikeka, nge walitawanyika kila upande. Jua lilikuwa limeipasua rangi ya juu vipande vidogo vidogo kama udongo wa dimbwi lililokauka, panya walikuwa wamezaa ndani ya mlango, na upande mmoja wa pua ya gari ulikuwa umevunjika tangu siku bodi ilipotupwa kwenye mvua. Dima alipitisha kiganja pale palipovunjika. Akachukua msasa akaanza kukwangua, na kwa siku nyingi sauti pekee uani ilikuwa ile ya msasa na ya spana.

Injini aliyoleta Kiugu haikuwa ile ya zamani. Ilikuwa ya Kombi, kubwa zaidi, imefungwa kwenye gunia.

"Ile ingine iko wapi?" Dima aliuliza.

"Ilisaga mahindi Timau mpaka ikakufa."

"Kwa hivyo huna nusu. Umekuja na gunia."

"Nenda umwambie chifu umeacha," Kiugu alisema, "halafu utanifundisha hesabu."

Hivyo ndivyo walivyozungumza, na mara nyingi hawakuzungumza kabisa. Kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake achoke, na kila mmoja alimsaidia mwenzake kuchoka. Dima aligundua upepo unakotoka, na kila Kiugu alipoinama chini ya chesisi, yeye alikwangua faiba upande wa juu wa upepo, vumbi la vioo likamshukia yule mtu shingoni. Kiugu aliwashwa mpaka akajikuna kwa waya, lakini hakulalamika. Adhuhuri, Dima alipotandaza mkeka wake kuswali, Kiugu alianza kupiga mluzi wa nyimbo za kanisani, taratibu, bila kukosea noti. Wakati mmoja Dima alipaka rezini mlango mzima, akangoja ikauke. Siku ya pili bado ilinata, ya tatu bado inanata, na nzi wamegandia humo kama zabibu kwenye keki. Alinusa chupa ya dawa ya kugandishia. Ilikuwa imechanganywa maji.

Alikwangua mlango wote akaanza upya. Kiugu alimtazama akifanya hivyo, akinywa uji wake.

Hata hivyo gari lilisonga mbele. Hilo ndilo lililomkera Dima kuliko yote, kwamba kazi ya yule mtu ilikuwa safi. Kiugu aliinua chesisi kwa springi ndefu ili mawe ya barabara ya kaskazini yasilikwangue tumbo, akaweka magurudumu mapana, akabadilisha breki zote nne. Dima alilazimika kupanua matao ya magurudumu ili yale mapana yaingie, na alipomaliza gari likawa limesimama tofauti na pale Nanyuki, limejaa mabega, kama mnyama anayetaka kuruka. Siku injini ilipowaka mara ya kwanza, ikakohoa, ikatoa moshi wa buluu, kisha ikatulia ikinguruma vizuri, wote wawili waliinua vichwa kwa pamoja na macho yao yakakutana. Kwa kitambo kifupi walikuwa vijana wa Pelham. Kisha Kiugu akazima injini na Dima akaenda kunawa mikono.

Ugomvi mkubwa ulitokea juu ya hewa.

Injini ya Volkswagen haipozwi kwa maji, hupozwa kwa upepo, na ile ya Kombi ilihitaji upepo mwingi zaidi ya ile ya kwanza. Ilikaa nyuma, chini ya mgongo ule mviringo ambao Dima alikuwa ameulaza kwa kipande kimoja bila kiungo. Katika gari zima, mgongo ule ndio uliokuwa fahari yake. Upepo uliingia kwa ufa mmoja tu juu ya kibao cha namba.

"Hapa lazima tukate," Kiugu alisema, akigonga mgongo kwa kifundo cha kidole. "Mashimo mawili. Makubwa."

"Hakuna kukata."

"Itachemka."

"Ungeleta injini yake. Hii bodi ilikuwa na injini yake."

"Dima, hii si maneno ya mimi na wewe. Ni injini. Inataka kupumua."

"Kata yako. Yangu hukati."

Ijumaa iliyofuata Dima alikwenda msikitini kama kawaida. Aliporudi, mgongo wa gari ulikuwa na mashimo mawili mapana, yamekatwa kwa msumeno wa chuma, kingo zake zimechanika na nyuzi za kioo zimetokeza kama manyoya. Kiugu alikuwa ameketi juu ya pipa, msumeno mapajani, hajajaribu hata kuuficha.

Dima hakupandisha sauti. Alizipapasa kingo zile, moja baada ya nyingine, mpaka kidole kikachanika kikatoa damu. Alijisikia kama siku ile Gumato aliporudi kutoka Nanyuki akaketi kando ya seng'enge, akisimulia mlango unavyofungwa. Aliingia ndani ya nyumba akakaa. Gumato akaja akasimama mbele yake.

"Mwache basi," alisema. "Mwambie chifu umechoka. Achukue kitu chake aende nacho."

"Ndicho anachongoja."

"Na wewe unangoja nini?"

Baada ya mapumziko ya Jumapili alichukua faiba akatengeneza vibao vyembamba vya kulala mteremko, akavipanga ndani ya mashimo yale kama vya dirishani. Vilikuwa vizuri kutazama. Mtu angedhani gari lilizaliwa navyo. Lakini alivipanga karibu karibu mno, kimoja kimelalia kingine, na alijua anachokifanya.

Kiugu alikuja akainama, akajaribu kupitisha kidole. Hakikupita.

"Hapa hata mbu hapiti."

"Toboa tena. Mimi nitaziba tena."

Kiugu alitema mate chini, kando tu ya kiatu cha Dima. "Sawa. Wacha ichemke. Wacha watu wa Isiolo waone ni bodi ya nani imeua injini."

"Au injini ya nani imeua bodi," Dima alijibu.

Walipaka rangi ya kijani kibichi, kwa kuwa ndiyo iliyopatikana, na siku ya kwenda Ngaremara ikafika. Watu walijaa barabarani mapema. Wauza miraa waliacha mafungu yao, wanafunzi walipanda juu ya ukuta, na Chifu Akal alikuja na fimbo yake akalizunguka gari akiligusa hapa na pale. Alionekana kushangaa kwamba lipo. Gumato hakutoka.

Ndani mlikuwa na nafasi ndogo kiasi kwamba mabega yao yaligusana. Hawakuwa wamegusana tangu Nanyuki. Kiugu alishika usukani, Dima akakunja magoti, na wakaondoka huku watu wakipiga makofi. Kwenye kizuizi cha polisi askari aliinua chuma bila kuwauliza vitambulisho, akitabasamu. Kisha mji ukaisha, na barabara nyekundu ikanyooka mbele.

Lazima isemwe kwamba gari lilikwenda. Lilitoka kama jiwe la kombeo. Yale magurudumu mapana yaliruka juu ya mikunjo ya barabara iliyo kama mabati bila kuihisi, bodi haikulia hata mahali pamoja, na Dima, ambaye hakuwa amepanda gari hili tangu akiwa kijana, alihisi kitu kimefunguka kifuani. Alitamani kusema neno. Alimtazama Kiugu kwa pembe ya jicho akaona shavu lake linatetemeka, naye anataka kusema neno.

Harufu ilianza kabla ya Ngaremara. Kwanza mafuta ya moto, ambayo ni kawaida. Kisha mpira. Mshale wa joto ulikuwa umelala kabisa upande wa kulia na haukuwa unacheza tena. Dima aliuona, na aliona kwamba Kiugu ameuona. Kilichohitajika ni neno moja, simama, kisha wangeshuka, wangefungua nyuma, wangesubiri injini ipoe chini ya mgunga wowote. Lakini atakayesema simama ndiye atakuwa amesema bodi imeshindwa au injini imeshindwa. Yeye ndiye angekuwa ameacha. Dima alifunga mdomo. Joto lilimpanda mgongoni kupitia kiti. Kiugu alikuwa anatokwa jasho mpaka linadondoka kidevuni, na akaongeza mafuta.

Mpira wa petroli ndio uliolegea. Walisikia mlio mdogo, kama mtu anayepuliza mshumaa, na kioo cha nyuma kikawa cha rangi ya machungwa.

Kiugu alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari liliteleza ubavu juu ya changarawe, likazunguka, likaacha barabara, likaingia kwa pua kwenye mtaro na kulala na upande wa dereva umebanwa na ukingo. Mlango wa Dima ulikuwa juu. Aliusukuma kwa bega, akajiburuta nje, akaanguka kwenye miiba, akainuka, akakimbia.

Alikimbia mpaka mahali ambapo joto halikumfikia. Aligeuka. Moto ulikuwa umeshika mgongo wote, ule mgongo wa kipande kimoja, na moshi mweusi, mzito, wa rezini, unapanda moja kwa moja. Kiugu alikuwa hajatoka. Dima alimwona kupitia kioo cha mbele akivuta, akivuta, mguu umenaswa chini ya usukani pale pua ilipojikunja. Hakuwa anaita. Alikuwa amemtazama Dima, na uso wake haukuwa wa kuomba. Ulikuwa wa mtu anayejua hesabu imemfikia na kwa nani.

Dima alisimama pale. Baadaye hakuweza kusema alisimama kwa muda gani, na hakutaka kusema. Aliwaza mlango. Alimwona Gumato na mtoto mgongoni, mlango ukifungwa bila kubamizwa, taratibu. Alihisi kwamba hahitaji kufanya lolote. Ilitosha asimame tu, kama Kiugu alivyosimama.

Kisha alikuwa tayari ameshika jiwe. Jiwe kubwa, la kushikwa kwa mikono miwili. Aliingia mtaroni upande wa mbele, akapiga magoti karibu na gurudumu. Hapo pembeni, mbele ya mlango, alikuwa amelaza tabaka mbili tu za faiba mwaka ule, kwa kuwa Pelham alitaka gari liwe jepesi. Alipiga pale. Bodi ilipasuka. Alipiga tena, na tena, akiivunja kazi yake kipande kwa kipande, akang'oa mabapa kwa mikono huku nyuzi zinamkata viganja, mpaka tundu likawa pana na akaona kiatu. Alikata kamba za kiatu kile kwa kisu chake, akashika mguu mtupu akauchomoa, akasikia mfupa unalia na Kiugu akapiga ukelele. Kisha akapanda kwenye mlango wa juu, moto ukiwa nyuma ya viti, akamshika yule mtu kwapani. Alikuwa mzito. Wachungaji wawili wa Kiturkana waliokuwa na mbuzi ng'ambo walikuja mbio, wakamsaidia kuvuta, na wote wanne wakaangukia kwenye miiba.

Gari liliungua haraka. Faiba haibaki imesimama kama bati. Rezini huwaka yote na kuacha nyuzi peke yake. Moto ulipotulia, mgongo, milango na pua vilikuwa vimebaki kitambaa cheupe kilichoning'inia juu ya chesisi, na upepo ulipovuma kikaanguka.

Kiugu alikuwa amelala ubavu, shingo na sikio vimebabuka. Alifumbua macho.

"Nani alisema simama?" aliuliza.

"Hakuna."

"Mimi nilikanyaga breki."

"Kukanyaga si kusema," Dima alijibu, akakaa mbali naye kidogo kungoja lori.

Lori la kwanza lililopita lilikuwa la mifugo, linatoka kaskazini. Walimlaza Kiugu kati ya ng'ombe, na Dima akasimama juu yake njia nzima akiwasukuma ng'ombe wasimkanyage. Chifu Akal alipoambiwa, alikwenda mwenyewe kutazama majivu, akarudi akasema hana kesi tena kwa kuwa hakuna gari, na mtu asimletee lingine.

Gumato alikuwa akifukiza kibuyu cha maziwa Dima alipofika nyumbani na mikono iliyofungwa bendeji.

"Nimesikia uliivunja kwa jiwe," alisema.

"Ndiyo."

"Ile hukutaka ikatwe hata tundu."

"Ndiyo."

Alitikisa kibuyu, moshi ukatoka. "Mimi ningemwacha."

Dima alijua anasema kweli, na hakumlaumu. Wiki nzima Gumato alimlisha kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu yeye hakuweza kushika kitu, akimtia tonge mdomoni bila kumtazama. Hakusema jambo hilo tena.

Bendeji zilipoondolewa Dima alikwenda hospitali. Hakumwambia mtu anakwenda. Alimkuta Kiugu amelala na mguu umening'inizwa kwa kamba, nusu ya uso imepakwa dawa ya zambarau. Mke wake, Gaceri, alikuwa kwenye stuli kando ya kitanda. Alipomwona Dima aliinuka, akachukua bakuli lake, akapita karibu naye bila salamu, akatoka.

"Kama umekuja nikushukuru, rudi," Kiugu alisema.

"Sikuja kushukuriwa. Nimekuja kukuambia injini ilikuwa kubwa."

"Bodi ilikuwa kaburi. Ulituzika ndani ya kaburi, ukaifunga na vibao vyako."

"Niliziba, ndiyo. Na wewe uliona. Ukaongeza mafuta."

"Niliongeza."

"Mimi sikumuua Rimberia," Dima alisema. Hakuwa amepanga kulisema. Lilitoka tu, na sauti yake ikawa juu kuliko alivyotaka, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. "Nilikuwa ndani ya seng'enge. Ulijua niko ndani. Mke wangu alikuambia niko ndani."

Kiugu alitazama dari. "Walileta viatu vyake kwenye gunia," alisema mwishowe. "Viatu tu. Huyo mama akanikuta hapo na gunia ndani ya nyumba."

"Yeye gunia hakuliona. Aliona mlango."

"Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia hilo."

"Toka," Kiugu alisema. "Nesi. Huyu mtu atoke."

Nesi alikuja, binti mkali wa Kimeru, akamshika Dima kiwiko akamwambia mzee, hapa si sokoni, wagonjwa wanalala. Dima alitolewa mpaka mlango wa wodi akiwa bado anazungumza, na nyuma yake akamsikia Kiugu naye bado anazungumza, akisema kitu juu ya vibao, juu ya mtoto, hakusikia vizuri.

Nje jua lilikuwa kali. Alifika langoni, na hapo akakumbuka jibu ambalo angemjibu juu ya lile gunia, neno kwa neno, na jingine juu ya mtoto. Alimuuliza mlinzi kama anaweza kurudi ndani. Mlinzi akasema saa za asubuhi za kuona wagonjwa zimekwisha, angoje alasiri.

Dima alitafuta kivuli kando ya ukuta, akachuchumaa, akangoja.